Rekoda za Gredi ya 4: zile za bei rahisi, Yamaha aina mbili, na kayamba nimeiongeza

Wazazi wa Gredi ya 4, hii ni yenu haswa. Kila Januari orodha ya skuli inakuja kwa WhatsApp imeandikwa "rekoda ya descant, moja" basi, yaani ile filimbi ndogo ya plastiki ya kupuliza, hakuna aina wala maelezo, nawe unaenda duka la vitabu unachukua iliyo karibu na mkono manake pale kwenye foleni bado una atlasi, rangi, manila na seti ya jometri. Nasema wazi tangu mwanzo nionavyo mimi. Kile kiplastiki cha rangi ya maziwa ndicho kitu kwenye ile orodha ambacho ubora wake unaamua mtoto atalipenda somo ama atalichukia, kuliko hata kitabu. Na kikiwa kibovu anayelaumiwa ni mtoto, ataambiwa hana sikio, ataambiwa anapuliza ovyo, na mwisho yeye mwenyewe ataamini.

Mimi niko Mombasa, binti yangu anasoma skuli ya msingi ya serikali, na baraza letu jioni ndio kituo cha watoto wa hapa mtaani. Wakitoka madrasa wanakuja na mabegi yao wanafanya homuweki pale, na siku ya muziki wanakuja na rekoda. Kwa hivyo rekoda nilizozishika ni nyingi, za kila rangi, nimeziosha nikazipuliza, nimezilinganisha moja na nyingine jioni ile ile na mtoto yule yule, na kwa vile niliimba kwaya miaka mingi tukisoma kwa do re mi, sikio langu sauti ikitoka nje linaijua. Sio mtaalamu, lakini hili nimeliangalia kwa makini kuliko vile wauzaji wengi wanavyoliangalia.

Kwanza mjue somo lenyewe lilivyo, manake ndio utaelewa kwa nini kifaa kina uzito hivyo. Kipindi ni dakika 35. Toa muda wa kutulia, toa wale waliosahau rekoda nyumbani, toa wa kwenda chooni, inabaki kama nusu saa na darasa limejaa watoto wanakaa watatu kwa dawati. Mwalimu wao, Mungu ambariki, hana chumba cha muziki wala kinanda, ana ubao, chaki, na rekoda yake moja. Alichofanya ni kuwapanga kwa safu, safu ya dirishani inapuliza, zilizobaki zinaweka rekoda kwenye kidevu, mdomo haugusi, vidole tu vinacheza juu ya matundu kimya kimya, halafu zamu inahama. Nilipopita siku ya kuchukua ripoti nikawaona nilisimama pale mlangoni nikatazama mpaka mwisho. Watoto wa kidevuni wamekaza macho kwa vidole vyao kabisa, wanahesabu kwa midomo, na mwalimu anapiga mapigo kwa rula kwenye meza. Mapigo yenyewe wanayaita kwa majina yake, taa, ta-te, taa-aa, na siku hizi hata wakiruka kamba hapa nje utawaskia "taa taa ta-te taa".

Kwetu sisi wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 wengi hatukupata hii. Muziki ulipoacha kutahiniwa KCPE, ule mtihani wa kumaliza msingi, kipindi kilibaki kwa ratiba tu, ukifika wakati wake mnafanya hesabu. Mtaala mpya wa CBC ulipofika Gredi ya 4 mwaka 2020 muziki ulirudi kama somo lake lenyewe, baadaye masomo yalipopunguzwa ukaunganishwa na uchoraji na michezo ya viungo kuwa somo moja la sanaa, lakini rekoda haikutoka. Na mimi nafurahi haikutoka, manake ni ala ambayo mtoto wa familia yoyote anaweza kumiliki, inaingia kwa begi, haitaki umeme, haitaki kutuniwa nyuzi kila asubuhi.

Sasa twende kwa bidhaa zenyewe.

Naanza na zile zisizo na jina, za kwenye mfuko wa nailoni, utazikuta duka la vitabu na hata kwa wanaouza vitu vya skuli barabarani. Hizi nimeziona kuanzia kama shilingi mia mbili mpaka mia tatu na kitu. Sizitupi zote, nataka niwe mkweli hapo. Kuna iliyokuja kwa baraza letu, ya kijani, haina hata herufi moja juu yake, na inalia vizuri kabisa, noti za B, A, G zimekaa, mwenyewe anaipenda. Shida ni kwamba ya pembeni yake, mfuko ule ule, duka lile lile, haifai. Unanunua bahati.

Mtoto wa jirani ndiye aliyenifungua macho. Kijana mpole, ana mahadhi mazuri sana akisoma Kurani, kwa hivyo sikio analo hilo halina mjadala. Kwa rekoda lakini alishapewa kazi ya kupiga makofi. Kila akijaribu A inatoka mluzi wa kukata masikio, wenzake wanacheka, basi mwalimu na vipindi vyake vya nusu saa akamwambia wewe tushikie mapigo. Jioni moja nikamwambia hebu nipe nione. Nikaitoa kichwa nikakielekeza kwa taa. Ile njia ya pumzi, yaani ule mwanya mwembamba unaopitisha hewa kutoka mdomoni mpaka kwenye dirisha la sauti (lile tundu la mraba hapo kichwani), ilikuwa na uzi wa plastiki umebaki kutoka kiwandani, mwembamba kama unywele, umekatiza katikati, na ule ukingo wa dirisha ambao hewa inaupiga ndio itoe sauti ulikuwa na vinundu vinundu, haukukatika sawa. Halafu kiungo cha kichwa na kiwiliwili kilikuwa kinacheza, mama yake amezungushia uzi wa cherehani ndio kikae. Hewa inavuja juu, inavuja katikati, mtoto afanye nini zaidi ya kupuliza kwa nguvu, na rekoda ukiipuliza kwa nguvu inaruka juu inapiga mluzi, ndivyo ilivyo kwa rekoda yoyote hata ya mbao ya bei ya pikipiki. Nikaosha ya binti yangu nikampa. Akaweka gumba nyuma na vidole viwili mbele, akapuliza vile vile alivyozoea, ikaruka, nikamwambia pole pole, sema "tu" kama unampa mtu siri. A ikatoka. Akaitazama ile rekoda, akarudia, akarudia tena, akaongeza kidole cha tatu akapata G, akanigeukia akasema "Hii inaniskia." Kabla hawajaitwa ndani alikuwa ameshafanya B A G kwa mpangilio, kupanda na kushuka, safi, bila mtu kumfunza mara ya pili.

Sasa jiulizeni ni watoto wangapi wamekaa wakipiga makofi na tatizo ni uzi wa plastiki.

Kwa hivyo kama bajeti yako ni hiyo ya mia mbili, na wengi wetu ndiyo iliyopo, usikate tamaa, ila usichukue ya juu ya rundo ukaondoka. Mwambie muuzaji akufungulie kadhaa. Toa kichwa, kielekeze kwa mwanga, angalia kupitia ule mwanya wa mdomoni, unatakiwa uone ufa mmoja ulionyooka msafi na ukingo wa dirisha kwa mbele umekatika kama wembe, hauna meno. Pitisha kidole juu ya matundu, yasikwaruze, manake tundu lenye kingo mbaya mtoto hatalifunika sawa na vidole vile vidogo. Unganisha vipande vitatu, kichwa, kiwiliwili, mguu, vikaze kiasi, visicheze na visihitaji nguvu za mtu mzima. Ukiruhusiwa kupuliza, beba kitambaa na sanitaiza yako, weka simu na programu ya kupimia sauti, ziko za bure nyingi, mshale ukae karibu na katikati kwa B, kwa A na kwa G. Zikiwa zote tatu ziko juu kidogo kwa kiwango kimoja hiyo haina neno, unavuta kichwa nje kidogo tu sauti inashuka. Kama B iko juu na G iko chini hiyo rudisha, hakuna kuvuta kutakakoitengeneza. Hizi za bila jina nazipa nyota 2 kati ya 5, na hizo mbili ni kwa sababu ya ile ya kijani.

Za Yamaha ziko mbili ambazo utakutana nazo, YRS-23 na YRS-24B. Kwa macho ni ndugu kabisa, rangi ya maziwa, vipande vitatu, plastiki ngumu ile ya ABS, zinakuja na mfuko wake, kijiti cha kusafishia na karatasi ya kuonyesha vidole. Bei ni elfu moja na zaidi, inategemea duka na msimu. Sauti yake iko tofauti waziwazi na zile nyingine, ni ya mviringo, haichomi, na kubwa zaidi kwangu ni kwamba inakubali pumzi ndogo ya mtoto wa miaka tisa. Noti za chini ambazo kwa rekoda mbaya hazitoki kabisa, ile C ya matundu yote yamefungwa, hapa inatoka ukiwa na vidole vilivyokaa tu. Ya binti yangu imeanguka kwenye sakafu ya simiti, imekaliwa, imeazimwa na ndugu yake kupigania upanga, bado viungo vimekaza na sauti ni ile ile.

Lakini hizo mbili hazifanani, na hapa ndipo wauzaji wanatuangusha. 23 ni ya vidole vya Kijerumani, 24B ni ya vidole vya Baroque, yaani mpangilio wa kufunga matundu ndio unaotofautiana. Nikiuliza duka la vitabu tofauti ni nini naambiwa "ni namba tu mama". Si namba tu.

Iko hivi. Rekoda ina matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, na hili mlikazie nyumbani manake watoto wengi wanageuza. Gumba na kidole cha shahada ni B, ongeza cha kati ni A, ongeza cha pete ni G. Mpaka hapo aina zote mbili ni sawa na ndio maana mtoto wa Gredi ya 4 mwanzoni haoni tofauti yoyote. Kasheshe inaanza akishuka kufika F. Kwa ile ya Kijerumani F ni rahisi, vidole vya kushoto vyote na kimoja cha kulia, basi. Kwa ya Baroque inabidi uruke, unafunga cha shahada cha kulia, unaacha cha kati wazi, unafunga cha pete na kidogo, na kwa mkono wa mtoto hiyo inataka mazoezi. Ukiishia hapo utasema basi ninunue ya Kijerumani maisha yawe rahisi. Ila wakifika skeli (ngazi ya noti) ya G meja kunatakiwa F shapu, yaani F iliyopandishwa nusu sauti, na huko ile ya Kijerumani inalipa deni lake, F shapu yake vidole vimekuwa vigumu na sauti yenyewe haikai vizuri, wakati ya Baroque inatoka bila taabu.

Hii yote imetoka mbali. Rekoda ilikuwa imesahaulika huko Ulaya mpaka Arnold Dolmetsch akatengeneza yake Uingereza mwaka 1919 akaifufua, halafu miaka ya 1920 Peter Harlan wa Ujerumani akaona ile F ya kuruka ni ngumu akabadilisha ukubwa wa matundu, akarahisisha noti moja akaharibu nyingine. Karibu miaka mia baadaye mzazi yuko Mombasa anauziwa zote mbili kutoka kisanduku kimoja bila kuambiwa kitu.

Kujua ipi ni ipi huhitaji muuzaji. Hesabu matundu ya mbele kutoka juu, angalia la nne na la tano. La tano likiwa dogo kuliko la nne hiyo ni ya Kijerumani, la nne likiwa dogo kuliko la tano hiyo ni Baroque. Nyingi pia zina herufi ndogo nyuma, G ya German ama B ya Baroque, ingawa kwa zile zisizo na jina mara nyingi hakuna alama yoyote, kwa hivyo matundu ndiyo ushahidi.

Na darasa likichanganyika ndio balaa. Mwalimu anaandika vidole vya F kwa ubao vile rekoda yake ilivyo, nusu ya darasa inalia F, nusu inalia kitu kingine, mwalimu anaskia mchafuko na hawezi kujua ni nani manake wanapuliza kwa pamoja. Watoto wa hapa barazani waliligundua wenyewe, wakikaa wenye aina moja pamoja wimbo unakubali, wakichanganyika haukubali, wakadhani ni mashetani ya jirani mpaka nilipowaonyesha tundu la tano. Nyumbani nako video nyingi za YouTube na karatasi nyingi za vidole ni za Baroque, kwa hivyo mwenye ya Kijerumani akifuata video F yake inatoka vibaya na hana wa kumuuliza.

Ushauri wangu, kabla ya kutoa shilingi muulize mwalimu wa sanaa, rekoda yake ni aina gani, fuata hiyo hiyo, kwisha. Akisema yoyote, chukua 24B. Mimi naipa nyota 5, haina nilichoona kibaya zaidi ya bei. 23 naipa 4, ni nzuri kutengenezwa sawasawa na dada yake, nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya hiyo F shapu.

Kuhusu kununua, hapa naongea kidogo na wenye maduka, bila kutaja mtu. Duka la kwanza nililoingia, la vitabu, hawakuruhusu kufungua mfuko kabisa, "ukifungua umenunua". Naelewa habari ya usafi, hakuna anayetaka kitu kilichopulizwa na watu kumi, lakini kuangalia njia ya pumzi kwa mwanga hakuhitaji mdomo wa mtu. La vyombo vya muziki huko Nairobi nililoagiza kwa simu walikuwa watu wengine kabisa. Yule dada wa simu aliniuliza mwenyewe "mwalimu anatumia Baroque ama German?", nikajua hapa nimefika, akanipigia picha ya matundu kabla sijatuma pesa kwa M-Pesa, mzigo ukaja kwa basi kesho yake umefungwa vizuri. Hilo swali lake moja ndilo ninalolitaka kwa kila duka linalouza rekoda nchi hii. Na mkiwa wazazi wengi wa darasa moja agizeni kwa pamoja, gharama ya basi mnagawana, na darasa linakuwa na aina moja bila vita.

Kwa wenye ndugu wawili skuli moja wanaotumia rekoda moja kwa zamu, iosheni. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, tenganisha vipande, suuza, tikisa, acha ikauke kivulini. Maji ya moto hapana, plastiki inajikunja na sauti ndio imekwenda. Usiingize kijiti wala pini kwenye dirisha la sauti hata kama unaona uchafu, ule ukingo ukikwaruzika hakuna fundi. Ikiziba mate katikati ya kipindi, funika dirisha kwa kiganja, puliza kwa nguvu mara moja, inazibuka. Viungo vikikaza, mafuta kidogo sana ya kujipaka, yale mazito, yanatosha. Na mtoto asile biskuti halafu apulize, njia ya pumzi ya binti wa jirani mwingine nimetoa makombo ya mandazi humo ndani, yamekuwa saruji.

Kayamba nayo niiseme manake iliingia kwenye orodha muhula wa pili kama ala ya kienyeji, na wengine wanapeleka chupa ya soda yenye mahindi ndani, ambayo kwa mapigo inafaa sana na mwalimu anaikubali. Mimi nilitaka ya kweli. Niliipata kwa mzee mmoja njia ya Mariakani, anazitengeneza mwenyewe, matete yamepangwa sambamba yakafumwa kwa kamba pande mbili, katikati mbegu, kijiti kimeshika kati. Ukiitikisa kwa viganja viwili kulia kushoto inatoa ile shaa-shaa ambayo mtu yeyote wa pwani aliyewahi kwenda sherehe ya Kimijikenda mwili unaijua kabla ya kichwa. Nyota 5, na ni kazi ya mikono kwa bei ambayo haifiki hata nusu ya Yamaha. Darasani ndiyo iliyotuliza mambo, waliposhika kayamba watoto kadhaa mapigo yakanyooka na wapuliza rekoda wakaacha kukimbia.

Ila onyo moja zito. Kayamba nyingine huwekwa mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, nzuri kwa macho. Zina sumu kali zikitafunwa. Zikiwa zimefungwa ndani ya matete hakuna shida, lakini kayamba ikipasuka kwa begi zikamwagika na nyumbani kuna mtoto mdogo anayeweka kila kitu mdomoni, hiyo ni hatari ya kweli. Nilimuuliza mzee yake ina nini, akanionyesha kabla ya kufunga. Ulizeni. Na kila wiki angalia kamba zake kama zimelegea.

Kuna wazazi wameniuliza kwani hii rekoda itampeleka wapi mtoto. Binti yangu hajasema anataka kuwa mwanamuziki na mimi sijamuuliza. Nilichokiona ni kwamba Jumatatu na Ijumaa kwenye paredi wanapoimba wimbo wa taifa sasa anausikiliza. Mwalimu aliwaambia kwamba sauti yake imetokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, huko Mto Tana, ukapangwa upya mwaka 1963 kabla ya uhuru. Alikuja nyumbani mbio kuniambia, bibi yake upande wa baba ni Mpokomo, wakakaa wawili hao usiku kutafuta ile sauti kwa rekoda, bibi anaimba polepole, mtoto anatafuta vidole, mstari wa kwanza wakaupata nusu. Skuli yao nayo inajiandaa na tamasha la muziki, lile la Kenya Music Festival ambalo limekuwepo tangu 1927, kuanzia ngazi ya chini kabisa hapa hapa, na yule kijana wa makofi yuko kwenye kundi la rekoda. Mama yake alimnunulia 24B kwa kuweka pesa kidogo kidogo kwa yule dada wa Nairobi, ambaye alikubali kumwekea.

Kitu cha mwisho, mguu. Kile kipande cha chini kifupi ndicho kinachopotea, kila mzazi atakwambia, na sijaona duka linalouza peke yake, ukikipoteza unaambiwa ununue rekoda nzima. Andikeni jina kwa vipande vyote vitatu, kalamu ya maka inafutika na jasho la mikono, bora ukwaruze herufi mbili kwa ncha ya sindano upande wa nyuma, mbali na matundu. Na kikipotea kabla pesa haijapatikana mtoto asikae nje ya kipindi, tundu la mguu linatakiwa kwa C ya chini na ile F ya Baroque, B na A na G zote zinalia bila huo mguu.